Wifi, Nilijua Maneno Yale Hayakuwa Yako

Wifi yangu Skola,

Habari za Lipingo, na habari za kaka yangu Gervas. Sisi huku Litembo tu wazima, na baridi ndiyo ile unayoijua. Nakuandikia nikiwa bibi mwenye wajukuu. Barua hii nimeiacha wazi, asomaye asome kabla haijakufikia, kwa sababu nililokutendea nililitenda mbele za watu. Nikikuomba msamaha kwa kunong'ona nitakuwa nakudanganya mara ya pili.

Ulipoolewa na kaka ukapanda kuja kwetu, nilikuwa nimejiandaa kukuchukia kidogo, kama mawifi wanavyojiandaa. Ulikuja na ndoo ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani kwenu, na penseli zako za rangi zimefungwa kwenye leso. Wanawake wakasema Mnyasa, mtu wa ziwa, hajui jembe, huyu atamfilisi Gervas. Ngolo yako ya kwanza, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, ulichimba shimo likakaa upande kama kikapu kilichokaliwa, ukalitazama, ukacheka kabla sisi hatujacheka. Siku ile nikaanza kukupenda, ingawa sikukuambia.

Halafu mwanangu Imelda akaanguka kwenye mti wa mparachichi akavunjika mguu. Alikuwa na miaka saba. Tulilazwa hospitali wiki sita, na wiki zote sita ulikuwa na mimi kule kwenye jiko la wauguzaji, unapika uji, unaosha nepi za watoto ambao hata si wetu. Imelda alikuwa analia kwa kuchoka kulala. Ukaokota boksi tupu la dawa, ukalichana, ukachora njia. Ilianzia ziwani, kwenye mitumbwi ya kwenu, ikapanda milima kwa hatua sitini mpaka kwenye mlango wa nyumba yetu. Kete zilikuwa punje za mahindi na za kahawa. Dadu alichonga Gervas kwa kisu.

"Wifi," ukaniuliza, "hapa kwenye hatua ya kumi na tisa niandike nini?"

"Andika: Umekula usipa wa mwenzio jikoni. Rudi nyuma hatua nne."

Ulicheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini, maana usipa wetu kweli ulikuwa umeliwa juzi yake, na aliyeula alikuwa amekaa palepale akichochea moto.

Mchezo ule ukatoka hospitali na wauguzaji. Mmoja akaomba achorewe apeleke Mbuji, mwingine akaupeleka ziwani, na kabla mwaka haujaisha Jumapili baada ya misa watu walikuwa wanauchezea barazani pa shule, wazee kwa vijana. Ulichora kila mmoja kwa mkono, na hakuna uliofanana na mwingine. Mtu akiwa na mbuzi mtukutu, mbuzi huyo alikuwamo. Wanaume walibishana. Katekista na mwalimu wa hesabu walinuniana wiki nzima kwa sababu ya hatua ya "Mvua imekukuta Mbuji, kaa zamu moja": je, anayekaa anaweza kupitwa au hawezi? Hawakuja kwako. Walikuja kwangu.

"Paskalina, sheria inasemaje?"

Nami nilijibu kama hakimu. Nilizijua hatua zote sitini kwa moyo. Nilimkaripia aliyerusha dadu kwa hila. Polepole, wifi, nikajiona mimi ndiye mwenye mchezo, na wewe ni mkono tu wa kuchora. Hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia, katika mapenzi. Niliupenda mchezo ule mpaka nikamsahau aliyenipa.

Ndipo ikaja miaka ile ya soko huria. Mpaka hapo tulikuwa tunapeleka kahawa ghala la chama cha ushirika, na hatukujua kwingine. Mara magari ya wanunuzi binafsi yakaanza kupanda mlima, na watu wao wamevaa fulana zenye maandishi. Yule bwana wa kampuni uliyemkaribisha chai, tulimwita Bwana Kalenda kwa sababu hakuingia nyumba bila kuacha kalenda. Aliuona mchezo ukutani kwako akasimama muda mrefu. Akasema watauchapa Dar es Salaam, wa rangi, upande mmoja kalenda, upande mmoja mchezo, na kila mkulima atapewa. Uliniita kuniuliza.

"Wataniharibia?" ukasema.

"Wataharibu nini? Utajulikana mpaka Songea."

Mimi ndiye niliyekuambia ukubali. Hilo nalo sikulisema baadaye mbele za watu.

Ulichora nakala nzuri siku tatu, meza tumeitoa uani juani. Kwenye hatua ya arobaini na moja ukamchora baba yetu, mkwe wako, amesimama mlangoni pa ghala la chama na kofia yake ya pama na fimbo. Kila mtu alijua ni yeye. Alibeba mawe ya ghala lile begani likijengwa, kisha akalilinda mpaka macho yalipomwishia, na hakuna aliyeshusha gunia pale bila kupewa maji ya mtungi wake. Mwandiko ulikuwa wangu, kwa sababu ulisema wako unakimbia kama kuku. Kwa hiyo ni mimi, kwa mkono huu, niliyeandika: "Mzee wa ghala amekupa maji ya kunywa. Songa mbele hatua tatu."

Karatasi zilifika Jumamosi. Wewe ulikuwa umeshuka Lipingo kumwona mama yako, utarudi kesho yake. Mimi nilichukua yangu kwenye gari la kampuni, na kitu cha kwanza nilichokitafuta ni jina langu. Chini kabisa waliandika kwamba mchezo umebuniwa na Bi. Skolastika wa Litembo. Basi. Nilitafuta mbele na nyuma, nikatafuta hata pembeni palipoandikwa jina la mpiga chapa. Sikuwamo. Nilikaa kwenye gogo nikawa nasikia uchungu kama wa mtoto aliyenyimwa.

Baada ya hapo ndipo niliposoma vizuri. Ziwa lilikuwa limeondolewa, njia inaanzia kwenye geti la kampuni. Usipa haukuwapo. Na kwenye hatua ya arobaini na moja picha ya baba ilikuwa palepale, kofia na fimbo, lakini chini yake waliandika: "Umepeleka kahawa ghala la chama. Mlinzi amelala, kahawa yako inaoza. Rudi mwanzo."

Nilijua, wifi. Saa ileile nilijua. Ningeweza kuwahi njia ya ziwani nikakungojea, nikakuambia kabla hujafika kwa watu. Niliikunja karatasi nikaisokomeza kwenye kanga, nikaenda zangu kuchuma majani.

Jumapili baada ya misa watu walizikunjua karatasi barazani, wakainama kusoma. Kisha kelele. Kila mmoja alikuwa anatafuta kitu chake alichokizoea, na hakikuwapo. "Ameuza ziwa!" "Ametuuza sisi!" Utadhani wameibiwa shamba. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono juu ya fimbo. Akasikia jina la ghala.

"Wameandika nini juu ya ghala?" akauliza. "Paskalina, nisomee."

Nilimsomea. Nilisoma kwa sauti ya kusomea somo kanisani, ili na wa nyuma wasikie. Nilipofika "mlinzi amelala" sikushusha sauti. Baba aliitafuta kofia yake pembeni, akaivaa.

Wakati huohuo ukatokea, umetoka njiani moja kwa moja, vumbi miguuni, unatabasamu. Ulikuwa unatabasamu kwa sababu ulikuwa hujaiona. Tabasamu lile ndilo ninaloliona nikifumba macho wakati wa maungamo.

Mama Koleta alikuwekea karatasi kifuani. "Mkwe wako ndiye anayelala?"

Ulisoma. Ukasoma tena, kidole kwenye mstari. Ukasema kwa sauti ndogo, "Hatukuandika hivi. Haya si maneno yetu." Kisha ukainua kichwa, ukanitafuta katikati ya watu, na uliponiona uso wako ukatulia. Ulitulia, wifi, kwa sababu uliniona. "Muulizeni wifi yangu. Nakala aliandika yeye kwa mkono wake."

Wote wakanigeukia.

"Mimi sijui," nikasema. Na kama vile haitoshi, nikaongeza: "Sijui walikubaliana nini yeye na yule bwana."

Ulikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe, ukaondoka.

Kuanzia kesho yake watu walikurudishia michezo. Hata ile ya zamani uliyowachorea kwa mkono, ambayo haikuwa na kosa lolote, waliileta wakaibwaga mlangoni kwako. Wengine waliitia moto mbele yako. Ukienda kisimani watu wanakuita kutoka mashambani, "Rudi mwanzo! Rudi mwanzo!" Na wote tulijua mwanzo wanaousema ni ziwani kwenu. Gervas aliniambia ulitembea mpaka mjini Mbinga kwenye ofisi ya kampuni, wakakuambia karatasi zimeshachapwa, mama, ungekuja mapema.

Mimi nilikuja siku ya nne. Watu walikuwa wanauliza mbona wangu sijaurudisha, na mimi niliogopa maswali. Ulikuwa umekaa kizingitini unachambua maharage. Niliuweka ule wa boksi la dawa juu ya ile mingine. Uliuangalia, ukaniangalia.

"Hata wa Imelda?" ukaniuliza.

Niliondoka bila kukuaga.

Mvua za kwanza zilipoanguka ulishuka Lipingo, ukasema unakwenda kumwuguza mama. Gervas alivuna mahindi, akafunga mlango, akakufuata. Amekuwa mvuvi, yeye aliyekuwa anaogopa hata kuvuka mto. Baba alibaki na mibuni yake na mimi. Kampuni yenyewe ilinunua misimu michache, ikaondoka, na kalenda zikafungiwa sabuni sokoni.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Baba alipokuwa anaumwa, ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyemlisha. Siku moja mchana, nikiwa namfuta mdomo, akasema, "Mkwe wangu alikuja kuniomba ruhusa."

"Mkwe gani, baba?"

"Skola. Kabla hajanichora. Alipiga magoti hapo mlangoni, akanisomea yatakayoandikwa. Kwamba nampa mtu maji." Akapumzika kidogo. "Yalikuwa maneno mazuri."

Nikamwuliza kwa nini, kama alijua, hakusema pale barazani.

"Walikuuliza wewe," baba akasema. "Nikangoja useme. Siku ile nikangoja. Kesho yake nikangoja. Nikasema huyu ni mwanangu, atasema."

Alikufa baada ya siku chache. Mlipokuja kumzika, nilijificha jikoni kwenye masufuria mpaka mlipoondoka. Gervas alidhani ni majonzi.

Alhamisi iliyopita nilisimama kwenye jumuiya. Tulikuwa kumi na wawili, kwa Mama Koleta. Walipomaliza rozari nikasema nina neno, nikalitoa lote: nakala, Jumamosi, jina langu, "mimi sijui". Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli niliyataka. Walinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa. Katekista mpya hakuelewa ninasema nini. Mmoja akasema, dada, hayo ni ya zamani, tumeshayasahau. Na Mama Koleta, yeye aliyekubandika karatasi kifuani, aliyekuwa wa kwanza kukuita Rudi mwanzo, aliacha kumimina chai akafikiri kwa dhati, akaniuliza:

"Skola yupi?"

Walikufukuza, wifi, na hawakumbuki. Nilirudi nyumbani nikalia kama msibani. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikijifariji kwamba kundi ndilo lililokufukuza, kwamba mimi nilikuwa mmoja tu. Kumbe kwao ilikuwa Jumapili moja ya kelele. Wangenyamaza siku ileile kama ningefungua mdomo.

Jina langu halikuandikwa kwenye karatasi ile, na sasa nashukuru halikuandikwa. Hatua ya usipa ilikuwa yangu. Zile nyingine hamsini na tisa, na subira ya wiki sita jikoni, na ruhusa uliyoiomba kwa magoti, vilikuwa vyako.

Nitashuka Lipingo kahawa ikishaanikwa. Kaka nitamsalimia, lakini ninayekuja kwake ni wewe. Nakujua: ukimwona mgeni, hata adui, mdomo wako husema karibu kabla hujafikiri. Safari hii usiharakishe. Niache kwanza nisimame nje, majirani zako wakiwapo, niseme.

Ni mimi, wifi yako,
Paskalina