Kipande cha Tovell kwenye Tuta

Jumatatu, 2 Septemba

Kikao cha mwisho leo. Tarehe kumi na tisa tingatinga linaingia na tuta linalozuia bahari linakatwa. Mashamba yote ya nyuma yake sasa ni ya Shirika la urithi, na yatarudi kuwa kinamasi cha maji chumvi kama zamani. Ndege watapata pa kulala, samaki wachanga pa kujificha, na mawimbi yatachoka kabla ya kufika kijijini. Miaka minane nimeyahubiri haya nikiwa na koti la Shirika mgongoni. Naamini kila neno!

Lakini saa sita mchana nimeharibu. Imogen, injinia wetu, alitandaza ramani akauliza nani anajua mkondo wa maji wa zamani ulipita wapi, maana ndipo pa kukata. Nikajisahau. Nikaweka kidole. Nikasema, hapa, kwenye kipande chetu, ndipo tuta lilipopasuka mwaka hamsini na tatu. Wakaandika wote. Imogen alifurahi mno, eti hakuna ramani inayomshinda mwenyeji.

Mjinga mimi. Mjinga!

Jumanne, 3 Septemba

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Huku kila familia ilikuwa na kipande chake cha tuta, na kukitunza ilikuwa sheria. Chetu ni hatua arobaini. Kinachofuata ni cha akina Mussett. Kila Oktoba unatoka na udongo wa mfinyanzi kuziba mashimo ya sungura kabla ya maji makubwa. Mwaka hamsini na mbili Babu hakuziba. Aliona atafanya wiki ijayo, halafu ijayo tena. Januari bahari ikapita palepale. Ikachukua watu watano. Mmoja wao Nell, dada yake Baba, umri miaka sita.

Kulipokucha Babu akasema limepasukia kwa Mussett. Tuta lilikuwa limebomoka kwenye vipande vyote viwili, nani angebisha? Kijiji kikaacha kununua maziwa ya Mussett. Mzee yule alikufa bila mtu wa kumpa mkono. Binti yake, Bi Peggy, mpaka leo anakaa benchi la nyuma kanisani.

Baba aliniambia ukweli mara moja tu, siku tuliyomzika Mama. "Nimechoka kukaa nalo peke yangu," alisema. Basi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimemkuta Baba juu ya tuta na ndoo ya udongo. Miaka themanini na mbili, amepiga magoti, anaziba tundu!

— Baba, siku kumi na mbili tu linakatwa.

— Likatwe. Ila halitakatwa likiwa na tundu langu.

Nikapiga magoti nami. Akanicheka, eti nashika udongo kama nakanda keki. Akamsema na Imogen: siku ile avae viatu vya maana, si vile vya harusini. Halafu akauliza, bila kunitazama, watakata wapi. Nikasema hawajaamua.

Nimemdanganya baba yangu mzazi. Kwa uso mkavu kabisa.

Jumatano, 11 Septemba

Bi Peggy dukani. Akanianza mbele ya watu: "Haya, muuza bahari, mmeshapata mnunuzi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwuliza kama atakuja siku ya kukata. Akasema aje afanye nini, wageni waoneshwe kwa kidole kuwa ni hapo kwa Mussett? Vidole alivyonyoshewa vinamtosha mpaka kaburini. Alisema huku anachagua nyanya, sauti ya kawaida kabisa.

Ningeweza kumwambia palepale. Nilimbebea kikapu mpaka mlangoni kwake, njia nzima tukiongea habari za mvua. Ana miaka sabini na mitano. Lini tena?

Ijumaa, 13 Septemba

Shirika limenitumia kipeperushi cha siku ya kukata. Kizuri, laiti ningekuwa mtu mwingine. Picha za ndege, maelezo ya kinamasi, na katikati, kwa herufi nene: tuta litakatwa kwenye kipande cha Tovell, lilipopasuka mwaka 1953. Chini yake Shirika linamshukuru Hester Tovell kwa kumbukumbu ya familia yake. Kumbukumbu!

Nikampigia Imogen waiondoe sentensi ile. Akauliza kwa upole, je, si kweli? Nikarudia, iondoeni tu. Akasema pole sana, vimeshachapwa, Jumatatu vinakwenda kila nyumba. Akaongeza kuwa kazi ya Shirika ni kutunza yaliyotokea, si nyumba kongwe peke yake. Ni maneno yangu hayo. Nilimfundisha mwenyewe alipoajiriwa.

Jumatatu, 16 Septemba

Mtu wa posta amepita. Kipeperushi chetu nimekichoma kwenye jiko. Baba akauliza harufu ya nini. Nikasema mkate umeungua.

Jumanne, 17 Septemba

Saa nne asubuhi. Tangu kifungua kinywa Baba amevaa koti lake la kanisani, na leo si Jumapili. Nimemwuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote. Amenyoa. Amejikata kidevuni.

Nikakaa hapa mezani na daftari hili nijifanye nina kazi. Akaja akasimama nyuma yangu. "Jana ulichoma kimoja, Hester. Pale posta vipo rundo zima."

Mungu wangu. Nikaanza kulia. Nikamwomba radhi, nikasema nilijisahau, nikasema nitaacha kazi. Akasema ninyamaze. Hana hasira — afadhali angekuwa nazo! Akasema tu kwamba Nell angekuwa na miaka sabini na saba, na kwamba yeye Baba ndiye aliyetumwa Oktoba ile kwenda kuangalia mashimo. Alikwenda kucheza. Akarudi akamwambia Babu hakuna.

Hili sikulijua. Miaka yote hii, hili hakunieleza.

Bi Peggy anapanda njia ya kwetu. Namwona dirishani. Karatasi ameishika mkononi, wala hakuikunja. Anatembea polepole kwa sababu ya nyonga. Bado naandika. Nimemwambia Baba aende chumbani, nitaongea na mgeni mimi, kosa ni langu.

Amebisha hodi. Mara mbili.

— Fungua mlango, mwanangu, anasema Baba. Ni kwangu amekuja, si kwako.