Harufu Isiyo ya Dagaa

Ilagala, Kigoma

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka huku reli inakoishia na mbele yake. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mama miguu imepungua uvimbe. Mimi mzima wa kutembea, siyo wa kujisifia. Barua hii usimsomee mama, isome peke yako.

Tangu shemeji yako Bukuru aache kazi ya mkonge huko Tanga akanileta kwao, kazi yangu ni kuanika dagaa. Wanaume huingia ziwani na taa za karabai usiku wa giza. Asubuhi sisi wanawake wa kijiji cha ujamaa tunawatandaza dagaa mchangani, tunawageuza, tunafukuza kunguru. Mikono, khanga, kitanda, vyote vinanuka dagaa. Ndiyo maana sikujua. Nilikuwa natokwa na uchafu ukeni, wa manjano kama usaha, unawasha hadi kukaa siwezi, na chini ya kitovu panauma. Harufu nikasema ni ya kazi. Nikajisafisha kwa shabu kama kungwi alivyotufunda, ikachoma, nikadhani ndiyo inasafisha.

Mbalamwezi ikaja. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, watu hupumzika. Nikafua kila kitu, nikaoga kwa sabuni ya mawese, harufu ikabaki. Mama mkwe ndiye aliyesema, tena bila ubaya: "Dagaa hakuna wiki hii, mwanangu. Kinachonuka ni nini?"

Akanipeleka zahanati. Muuguzi alinieleza kwamba ute mweupe au wa kuvutika, usio na harufu mbaya wala muwasho, ni wa kila mwanamke, na kule ndani hakuoshwi kwa kitu. Huu wangu ni ugonjwa wa kuambukizwa, na shabu imenichubua juu yake. Nichomwe sindano, nimeze vidonge, na mume vilevile. Tukizembea, mirija itaziba na mtoto tutamsikia akilia kwa majirani.

Bukuru akasema yeye haumwi. Nikatibiwa peke yangu, nikapona, akanirudia, na ugonjwa nao ukarudi. Nilidhani nitalia. Nikaenda kuteka maji.

Nikahamishia mkeka wangu kwa mama mkwe. Mama huyu, dada, Mungu ampe umri. Alimwambia mwanawe kwamba chungu chake hakitampikia mpaka akachomwe sindano. Mwanamume njaa haizoei, akaenda. Huko muuguzi akamuuliza kama kuna mwanamke mwingine. Akatazama sakafu, akasema yupo.

Ni Ashura, mjane anayekaanga mihogo karibu na mto Malagarasi. Tunajuana, huniongezea pilipili bila kuombwa. Muuguzi akasema naye aje, la sivyo tutaambukizana tena mpaka tuzeeke. Bukuru aliona haya kumwita, basi nikaenda mimi.

Njiani nilikuwa na matusi tele. Nilipomkuta anamenya mihogo niliyatafuta, sikuyaona. Hata hasira sikuiona ilipo, na hilo ndilo linalonitisha, dada, kwamba moyo umekufa ganzi namna hii. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akaweka kisu chini. Akaniuliza:

"Na wewe inakuwasha?"

"Inaniwasha."

Akanisogezea kigoda, nikakaa. Akasema na yeye tumbo linamuuma tangu masika, alikuwa anafikiri amerogwa. Alikuwa hana wa kumwambia.

Msalimie shemeji, na mdogo wetu Zuhura, na shangazi wa Muheza mwenye mdomo, lakini yeye mpe salamu tu. Mama mwambie mwanao anaendelea vizuri na anakula samaki.

Kesho nampitia Ashura twende zahanati. Watatuona tumekaa benchi moja na kijiji kizima kitajua sababu. Wajue. Nataka mtoto.

Ni mimi mdogo wako niliye ziwani,

Mwanaidi