Masikio Yamefunguka

Toyama, Februari

Mwanangu Chizuru,

Theluji imefika dirishani. Unga wa mitishamba alionipa Daktari Kurokawa ni mchungu, lakini ule mlio wa masikioni umepungua. Hata birika likichemka nalisikia.

Ndipo nikamsikia baba yako. Kila jioni huniuliza, “Mama Chizuru, mtoto hajarudi kutoka shule?” Nawe una miaka hamsini na miwili! Sijui alianza lini. Labda mwaka mzima nilikuwa nikiitikia “ehe, ehe” bila kusikia neno. Nimechanganyikiwa, mwanangu: nimwambie daktari habari za baba yako, au niache dawa nisimsikie tena?

Jana nilimjibu, “Yuko njiani, mzee wangu.” Akafurahi, akakuwekea bakuli la wali mezani.

Tafadhali njoo, nisiwe nimemdanganya.

Mama yako,
Fusae