Kanda ya Mama

Laurel, Maryland
4 Mei

Kaka Respicius,

Shikamoo. Mama hajambo? Goti lake je, na ile migomba iliyolazwa na mvua? Huku sote wazima, ila mume wangu Method amenenepa na hataki kuambiwa. Habari ya viza ya mama nimeishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Juni si mbali!

Nikupe ya kazini. Namhudumia mzee mmoja hapa Greenbelt, Bwana Jha, Mhindi wa Bihar, aliyekuwa karani wa serikali kwao. Anasema serikali yao imeigawa nchi kanda tatu kwa ajili ya barua za ofisi: A ni majimbo ya Kihindi, huandikiwa Kihindi, B huandikiwa Kihindi, na Kiingereza huvumiliwa, C ni Kiingereza. Alipanga barua hivyo miaka thelathini na moja, na kustaafu hakujamponya. Nilipomwambia kwamba matangazo ya misa yetu ya Kiswahili yanazua ugomvi wa lugha kila mwezi, aliomba karatasi na rula. Watanzania akatuweka A, Kiswahili kitupu. Wakenya B, maana Mutai wetu hamalizi sentensi bila Kiingereza. Watoto wote C. Karatasi hiyo nikampelekea katibu wa misa yetu kwa utani, naye akaipitisha! Sasa Mutai analalamika kuwa ameshushwa daraja, anataka kukata rufaa.

Kesho yake mzee akaniuliza mama yangu yuko kanda gani. Nikamjibu kwamba Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu, lugha yake ni Kihaya. Akaweka rula chini. Akasema mama yake pia vitabuni alikuwa kanda A, lakini nyumbani alizungumza Kimaithili, lugha ya kwao, basi. Yeye, karani mzima, alimwandikia kwa Kihindi hadi mama huyo alipofariki, na mwalimu jirani ndiye aliyemtafsiria. Hajui mpaka leo mama alisomewa nini.

Kaka, hapo nilichomwa. Mimi nami nakuandikia Kiswahili, wewe unamgeuzia mama. Na lipo jingine, usiliruke unapomsomea: kila mama alipopiga simu nikasema Abigail wangu amelala, mtoto alikuwa macho, amekaa ubavuni pangu. Hajui Kihaya. Sikumfundisha, nilidhani Kiswahili kitatosha, nacho anakijibu kwa Kiingereza. Nikaona aibu, nikadanganya miaka sita. Mama anisamehe. Nimeona heri niseme sasa, maana Juni angejionea mwenyewe.

Nilipomweleza Abigail alininunia siku mbili, akisema nimemlaza bila usingizi. Kisha akaleta kalamu, amwandikie bibi yake. Tumekaa mezani Jumamosi tatu, nami nimegundua kuwa kukiandika Kihaya kunanitoa jasho kuliko yeye.

Wasalimie wote, na Kalisti mwambie viatu vyake vinakuja. Bwana Jha anamsalimu mama. Amempa kanda yake peke yake. Mama akicheka, nipigie. Akinyamaza, nipigie upesi zaidi.

Barua hii mgeuzie kama kawaida. Ile ndogo iliyo ndani ya bahasha ni ya Abigail. Hiyo msomee ilivyo, haihitaji mkalimani.

Mdogo wako akupendaye,
Euphrasia