Paka Naye Kakaa Eda

Ijumaa, 12 Julai 2024

Hitma imekwisha, masufuria ya watu yamerudishwa. Nyumba kimya. Rajab kaja kutoka Unguja na maneno yake tayari. Simu kaiweka katikati ya mkeka, Nahla ndani yake, analia huko Uholanzi. Wanangu wawili wameshakubaliana bila mimi: mama hakai peke yake huku Wawi, Pemba. Nimalize eda, kisha niende kwa Nahla. Viza ninayo bado, ile ya mwaka jana.

Nikasema sitaki. Rajab kaniangalia kwa huruma. Mama, huo ni msiba unaosema. Nikasema tena, sitaki. Nahla kasema nisijibu leo, nipumzike kwanza. Sasa nikikubali ni mimi, nikikataa ni msiba — mtu atasemaje?

Mwaka jana nilikaa kwa Nahla wiki saba. Ghorofa ya nne. Yeye na mumewe kazini, mtoto skuli, mimi na dirisha. Mlango una kitasa nisichokiweza. Mtu wa kumwambia subalkheri hakuna. Ile ilikuwa eda yangu ya kwanza, na mume wangu yu hai.

Basi nikatafuta pa kutokea. Paka wetu, Tui, alikuwa kalala juu ya msala wa marehemu. Nikasema: siendi bila paka. Mume wangu Othman alimwokota bandarini Mkoani macho hayajafunguka, akamlea kwa maziwa ya kumkamulia kwa kitambaa. Nani atathubutu kuniambia nimwache? Rajab kakuna kichwa. Moyoni nikasema nimewapata. Paka wa Wawi atapandaje ndege ya Ulaya?

Jumapili, 14 Julai

Nimewapata wapi! Nahla kapiga asubuhi, sauti imechangamka. Kasoma kila kitu. Paka anapanda ndege, tena ndani pamoja na abiria, chini ya kiti. Anatiwa kwanza chipu ya namba chini ya ngozi. Halafu sindano ya kichaa cha mbwa, na iwe baada ya chipu, ikitangulia haihesabiki. Ukipita mwezi anatolewa damu, inapelekwa maabara Afrika Kusini kuangaliwa kama sindano imeshika. Ikiwa imeshika, angoje miezi mitatu tangu siku ya damu. Mwisho cheti cha daktari wa serikali. Na kwa muda wote huo asitoke nje, Nahla anaogopa asije akaumwa au akapotea.

Mama, kasema, itakwenda sambamba na eda yako, mtatoka pamoja. Haidar, mumewe, nilimsikia kwa nyuma akisema hii ni neema. Mkwe wangu huyu hata mvua ikimvujia kitandani ni neema.

Mimi nimesema sitaki mara mbili, halikusikika. Sharti la paka nimelisema mara moja, limeshatafutiwa maabara.

Alhamisi, 18 Julai

Niliomba chipu isipatikane kisiwani. Haikupatikana, kweli. Imeletwa na boti kutoka Dar.

Daktari wa mifugo, Daktari Kificho, kaja nayo mwenyewe. Mimi kizuka, nimo edani, sionani na wanaume wa kando, kwa hivyo yeye barazani, mimi ndani, pazia katikati. Na Tui hashikiki na mtu mwingine. Ikabidi nipitishe mikono chini ya pazia nimeshika paka, nimeivisha soksi za marehemu, moja kwa stara na moja kwa makucha. "Mwalimu, msogeze kidogo kulia." Nikasogeza. "Mwalimu, hapo hapo." Sote ni watu wazima na tulikuwa tunafanya mambo hayo.

Sindano mbili, kelele moja. Kidude chake kikalia na namba ikasomeka. Tarakimu kumi na tano. Mimi nimesomesha miaka thelathini na mbili, namba yangu ya pensheni haifiki nusu ya hiyo.

Samiha wa nyumba ya pili kacheka mpaka kakaa chini. Mwenye paka marufuku kutoka, paka marufuku kutoka! "Na paka naye kakaa eda? Kafiwa na nani, huyu?" Nikamwambia kafiwa na Othman, kama mimi. Hapo hakucheka tena. Kaniletea muhogo wa nazi jioni.

Jumatatu, 19 Agosti

Damu imetolewa. Pazia, soksi, msogeze kulia. Kanyolewa kiraka shingoni, kakasirika, kajificha chini ya kitanda na chakula kakisusa.

Rajab katuma tundu la kumsafirishia, la plastiki, lina kidirisha. Nahla kasema liachwe wazi pembeni, nimtilie chakula humo alizoee. Tui hakulitazama hata. Vizuri.

Jumanne, 10 Septemba

Majibu yametoka. Kafaulu, tena kwa mbali. Nahla kanitumia picha ya karatasi na vikopa vya moyo vyekundu vitano.

Mimi nilikuwa nikimuombea afeli. Astaghfirullah. Watoto wangapi wamepita mkononi mwangu, hata wale watundu kabisa sikuwaombea hivyo. Paka wa watu nimemuombea.

Na tangu juzi analala ndani ya tundu lile. Mwenyewe! Anajikunja, anakoroma. Msaliti.

Jumatano, 25 Septemba

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Sauti ya Rajab barazani, na mwanamume mwingine. Siwezi kutoka. Wakapita upenuni wakaja mpaka nyuma ya ukuta wa jiko, nikasikia futi ya chuma inavutwa na kujirudisha. Yule mtu anasema ukuta huu utaondoka, hapa pawe pa kuwekea friji. Ukuta huu! Mgongo wangu umeuegemea.

Nikazidisha kukuna. Wakapandisha sauti, wakaendelea.

Yule mtu alipokwenda zake, Rajab kaja ndani. Nikamuuliza nani yule. Mtu mwenye duka la simu Chake, mama, wa kukaa tu nyumba isilale tupu. Kwa muda gani? Miaka miwili. Nikamwambia viza yangu ni ya miezi mitatu. Kasema karatasi nyingine zitatafutwa nikiwa huko huko, na nyumba ni ya marehemu, sote ni warithi. Kayasema taratibu, kichwa kainamisha, hata hasira yangu haikupata pa kuanzia. Si mtoto mbaya, Rajab. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Kwa hivyo si kwenda kutembea. Ni kuondoka. Nimelijua leo, nyuma ya ukuta, na kifuu cha nazi mkononi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimefungua mlango wa uwani. Nimekusudia. Watu wamekwenda msikitini, njia nyeupe, nikauacha wazi. Paka akipotea, safari haipo, na hapana wa kulaumiwa.

Tui kasimama kizingitini. Kaninusa mguu, kaangalia nje, kaniangalia mimi. Nikamwambia nenda. Kaenda.

Nimeona raha alasiri nzima. Nimekunywa chai, nimefagia ukumbi. Magharibi nikakumbuka kuwa huu ndio wakati anaokuja kukwaruza mlango.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hajarudi. Samaki changu niliyomuwekea amejaa sisimizi.

Siwezi kutoka kumtafuta. Hili sikulifikiri jana. Nimesimama mlangoni namwita chini kwa chini, sauti ya kizuka isivuke ukuta. Tui. Tui. Nimebisha sahani. Wamekuja kuku wa Samiha. Mbwa wamelia upande wa mashambani — kumbe nimemtoa nikamtupia mbwa, roho ambayo mume wangu aliilea kwa kitambaa.

Mwisho sauti imevuka ukuta, wacha ivuke. Nimemwita Tui, Tui, halafu jina lililonitoka si la paka. Nimemwita Othman. Kwa sauti ya kumwita aje kula.

Msibani sikulia. Watu walinisifu, mwanamke ana subira. Leo nimelia nimeshika mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Kisha mguu nimeurudisha ndani.

Jumapili, 6 Oktoba

Yuko hapa. Samiha kamleta asubuhi kamfunga kwenye kanga, kichwa tu kinaonekana. Alikuwa banda lao la kuni, kuna gunia la dagaa, bwana mkubwa kanenepa. Mimi sijala tangu juzi.

Samiha kauliza mlango kaufungua nani. Nikamfungulia Tui kanga. Samiha kakaa kwenye mkeka. Kasema: "Bi Ruweida, wewe hutaki kwenda."

Nikamwambia huo ni msiba unaosema. Hakucheka. Kaniuliza kwa nini siwaambii. Nikamwambia nimewaambia mpaka nimechoka. Mwalimu wa skuli nzima, wanangu wote wawili nimewafundisha kusoma kwa mkono wangu, na neno la herufi sita hawalisikii.

Simtoi tena paka. Hilo siliwezi, nimejijaribu. Tulivyo ni hivi: akibaki hapa peke yake nitakufa kwa majuto, nikimchukua nimekwenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Eda imekwisha. Wanawake wamekuja, nimeogeshwa, nimepakwa mafuta, nimefukizwa udi mpaka nimekohoa. Kanga mpya, kaileta Rajab. Wamenitazama wakasema nimekuwa mwari.

Alasiri nimekwenda sokoni Chake na Samiha. Jua! Nilisahau jua la barabarani lilivyo. Muuza pweza, bibi wa ndimu, mwalimu mwenzangu wa zamani, wote wameniamkia na wote wameniuliza hilo moja: safari lini? Hapana hata mmoja aliyesema karibu tena mtaani. Bibi wa ndimu kanipa pole ya msiba na heri ya safari kwa pumzi moja.

Nimerudi nyumbani, hakuna aliyenikalisha ndani, na nimekaa ndani.

Jumatatu, 18 Novemba

Keshokutwa ndege ya Dar, kutoka Dar ndiyo moja kwa moja. Begi langu lipo ukumbini. Mwenye duka la simu keshaleta mifuko minne ya saruji, ipo upenuni imefunikwa turubai. Hakungoja hata nitoke.

Daktari Kificho kaja saa nne kwa cheti. Mara ya kwanza tunaonana uso kwa uso. Kijana kuliko sauti yake. Kanisalimu, kainama kama alivyofundishwa. Pazia nimelifunga fundo pembeni, mikono yangu mitupu, Tui mapajani.

Kampima moto. Kamtazama meno, masikio, macho. Kisha kafungua kalamu akaanza kuuliza, anaandika. Anakula vizuri? Anakula. Analala? Analala. Amepata kusafiri safari ndefu? Hajapata. Akitiwa tunduni anataharuki, analia? Kwa sababu Mwalimu, akiwa na hofu sana hatulazimishi, mnyama huweza kuugua kwa kulazimishwa, tutaandika asubiri.

Nikabaki namtazama yule kijana. Anakula, analala, ana hofu. Masuali yote hayo. Tangu Julai mimi sijaulizwa hata moja.

Rajab kajibu kwa niaba yangu. Hana hofu, daktari, analala humo humo, tazama. Na kweli Tui kashuka mapajani, kaenda zake tunduni, kajikunja.

Cheti kimeandikwa, muhuri umepigwa. Kimebaki kipande cha mwisho, tamko la mwenye paka. Nathibitisha kuwa mnyama huyu ni wangu na nasafiri naye. Sahihi yangu hapa chini. Daktari kasema iwe wino wa bluu, wa rangi mbali na maandishi, ndivyo wanavyotaka huko, na yeye kalamu yake nyeusi. Rajab kasema mama hakosi kalamu ya bluu. Nikasema ninayo, chumbani.

Nimekuja chumbani. Nimekaa kitandani upande wa Othman. Kalamu nimeiona mara moja, ipo juu ya daftari hili.

Rajab kaita: mama, umeipata?

Nikasema: imekwisha wino.

Nikasikia kicheko chake kidogo, cha mtu mwenye haraka. Basi nafika dukani mara moja, daktari, kunywa chai. Pikipiki imeondoka.

Daktari yuko barazani. Nilidhani ataondoka, ana ng'ombe wa kuona Wete. Kasema kwa sauti ya kupenya ukuta, ile ile ya nyuma ya pazia: "Mwalimu, bila sahihi yako karatasi hii si kitu. Mimi sina haraka." Nasikia anajimiminia kikombe cha pili.

Naandika haya kwa kalamu hiyo hiyo. Wala haikwaruzi. Kurasa tatu sasa, bluu tupu, na mkono unaniuma. Nikitoka nikasema sitaki, watasema tena ni msiba? Eda imekwisha, msiba gani tena? Nikitia sahihi, saruji ile itachanganywa kabla sijavuka Dar.

Pikipiki inazimwa. Viatu vyake kizingitini. Mama, anaita, hilo halitatushinda, nimenunua kalamu tatu.

Bado naandika, na karatasi haina sahihi.