Kitambaa cha Mama Juu ya Mashine

Akheri, Meru
Jumamosi, 14 Juni

Kwako kaka Brayson,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi Irine na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Huku tunaamka. Baridi ya mlimani ni kali, migomba miwili ya nyuma ya jiko imelazwa na upepo, na kahawa ya mama nimeanza kuichuma peke yangu. Kikapu kikijaa nageuka nimwonyeshe, halafu nakumbuka.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ningeanza kulia, ungeniambia basi mdogo wangu, pumzika, na kweli ningepumzika. Nataka nimalize. Ulisema Ijumaa ijayo utafika, na kwamba kabla ya kuweka begi chini utakwenda polisi kumshitaki Gerson, yule fundi wa Ngarenaro aliyetukodisha mashine ya oksijeni. Kabla hujakata tiketi, soma mpaka mwisho.

Unaikumbuka redio ya baba? Mama aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, na sisi tuliruhusiwa kuinua ncha moja tu ili tusikie taarifa ya habari. Alisema kitu cha maana hakikai uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Hata chupa ya chai ilikuwa na nguo yake.

Gerson alipoleta mashine aliiweka karibu na kitanda. Akasema nyuma yake paachwe wazi, kwa kuwa huko ndiko inakovuta hewa, na taa ya njano ikiwaka nimpigie saa hiyo hiyo. Niliitikia, ila macho yangu yalikuwa kwa mama, jinsi uso wake ulivyolegea pumzi ilipoanza kuingia.

Tangu siku ile, kaka, nyumba yetu iliingiwa na adabu za ajabu. Mimi unanijua, friji naipiga teke, na mashine ya kumenya kahawa naitukana hadi majirani wanacheka. Lakini ile nilikuwa naiamkia. Umeme ukikatika na kurudi, niliishukuru kama mtu aliyetoka safari. Jirani yetu Nashilu alivua kandambili mlangoni, akauliza imeamkaje, ndipo akamuuliza mama. Akina mama wa jumuiya waliokuja kusali waliiwekea mikono, wakaiombea isichoke. Mama alicheka mpaka akakohoa, akasema basi mpelekeeni na uji huyo mgonjwa wenu.

Upole ule wote kwa mashine tuliutoa kwenye fungu la mama. Nilikuwa nimechoka, naogopa, na mashine haikulowesha shuka wala haikukataa chakula. Mama akiniita mara ya tatu nilimjibu kwa ukali, halafu nikainama kuipangusa mashine vumbi.

Msibani uliona mwenyewe mambo yalivyogeuka. Shangazi Kaanaeli aliipiga teke. Nashilu yule yule aliyeivulia kandambili aliitemea mate, akaiita shetani. Na wewe, kaka, pale kaburini ulimwambia Gerson kwamba amemuua mama yetu kwa bati lake bovu. Alisema poleni sana, akavaa kofia yake, akaondoka. Siku hizi watu wa huku hawampelekei hata pasi.

Jumanne nilikwenda karakanani kwake. Nilimkuta peke yake, mashine ameifungua mezani. Akanionyesha chujio la nyuma, limejaa nyuzi nyeupe. Akaniuliza taratibu kama mama alikuwa anafuma. Nikasema ndiyo. Alinitazama, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja. Akasema dada Aikande, mapafu ya mama yalikuwa yamekwisha hata bila jambo hili, nenda nyumbani. Sijui kama ni kweli au alinionea huruma. Ninachojua ni kwamba ameelewa, na amekubali kuitwa muuaji ili mimi nisiitwe.

Ni mimi, kaka. Alhamisi ile alasiri kulikuwa na manyunyu, ukungu ukaingia hadi chumbani. Nilimfunika mama blanketi, kisha nikaona na mashine itapigwa na baridi. Nikatoa sandukuni kitambaa cha redio. Kwa kuwa kina matundu, nilikikunja mara mbili, nikaifunika mpaka nyuma, mbele nikaacha taa tu. Nilidhani naiheshimu.

Baada ya muda mama aliniambia hewa imekuwa kidogo. Nikamwambia mbona mashine inanguruma kama kawaida. Akasema tena. Nikamwambia mama, acha kulalamika, huoni mwenzako anavyojitahidi? Taa ya njano ikawaka, mashine ikaanza kulia. Sikumpigia Gerson, niliogopa ataichukua. Nikaishika juu ya kitambaa, ilikuwa ya moto, nikaibembeleza. Nikaiambia pole, pole sana, jikaze kidogo. Mama nilikuwa nimempa mgongo. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kwenda.

Nilikivuta kitambaa kabla Nashilu hajaingia. Walioingia wakakuta mashine tupu inayolia, nyote mkaihukumu, na mimi nikakaa kimya.

Kitambaa nimekikunja humu pamoja na barua. Sijakifua. Kikunjue, upande mmoja utaona mistari mitano ya kahawia, ndipo kilipofunika mdomo wa mashine, kule nyuma inakovuta hewa. Ukifika Ijumaa, tuanzie Ngarenaro. Nitasema mbele ya Gerson, na Jumapili nitasema mbele ya shangazi na Nashilu na akina mama wa jumuiya. Ukitaka polisi baada ya hapo, nitatangulia mwenyewe.

Nisalimie wifi Irine na watoto. Yule mdogo umpashie maji yenye tangawizi, na akikuambia kifua kinambana, kaka, mwamini. Salamu za nyumbani hapa zimebaki za mtu mmoja, zipokee hivyo hivyo.

Mimi mdogo wako,
Aikande