Kadi ya Wi-Fi ya Mwalimu, na Ruhusa Yangu

...na hapo ndipo salio la simu lilipoisha, mume wangu mpenzi, hata sikukujibu kama nakuja au siji. Nimeona nikuandikie yote, kwa kuwa shangazi yako anapanda treni ya Kigoma kesho. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila nakukumbuka mno. Hata nikikaza skrubu najikuta natabasamu peke yangu.

Sasa sikiliza. Nilipomwomba ruhusa Bi Zuhura, mwenye duka letu la kompyuta hapa Ng'ambo, alinijibu, "Bi harusi, kompyuta ya mwalimu ikishika Wi-Fi bila kusumbua, nenda kwa mumeo. Kabla ya hapo usinitajie Ujiji!"

Mwalimu huyo ni wa Ipuli, na kompyuta yake inatumia mfumo wa Linux, si Windows. Kadi ya Wi-Fi ilikosa draiva, yaani programu ya kuiendesha. Mwanzoni nilipita njia ya mkato: nikaazima draiva ya Windows, nikaweka programu nyingine ya kuibeba ndani ya Linux. Ikafanya kazi siku moja tu, kisha mashine ikawa inaganda. Mwalimu akairudisha. Niliona aibu, Ramadhani!

Nikaanza kutafuta draiva ya Linux yenyewe. Siku mbili nilitafuta kwa jina lililoandikwa kwenye boksi la kadi, nikaambulia patupu. Mwenzangu Mwajuma akanicheka: "Kwani mumeo ulimchagua kwa kanzu? Tazama cha ndani!"

Ni kweli. Watengenezaji hubadilisha chipu ya ndani wakaacha jina lilelile. Nikaandika amri ya kuonyesha namba ya chipu, na kumbe draiva yake imo ndani ya Linux tangu mwanzo! Lilikosekana faili moja dogo tu la kuiamsha kadi. Nikalipakua kwa simu, nikalihamisha kwa waya, nikawasha. Kimya. Machozi yakanilenga.

Kisha nikakumbuka. Nilipoweka ile draiva ya kuazima, niliandika mstari wa amri wa kuizuia draiva nyingine yoyote isiguse kadi. Nilikuwa nimeifungia mlango mwenyewe! Nikaufuta mstari, nikawasha upya, na majina ya mitandao ya majirani yakajipanga. Nilipiga kigelegele dukani, wateja wakageuka.

Bi Zuhura hakunipongeza. Alifungua kurasa kumi za intaneti kwa mpigo, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi akakuta Wi-Fi bado imeshika. Akasema, "Siku nne za ruhusa. Na usiniletee dagaa wenye mchanga."

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, umwambie dawa ya miguu nimeshaipata. Wifi yangu Hadija mbusu shavuni, na baba mwenye nyumba msalimie.

Mwezi huu hauishi kabla sijashuka treni, mpenzi wangu. Uje stesheni peke yako, usije na ukoo mzima.

Mkeo (neno hili nimeliandika polepole, nilionee raha),
Salma